Tingatinga Siku ya Kulungu

Mlio mmoja wa bunduki, kisha injini ya tingatinga ikanyamaza kule juu kwenye shamba la Norma Tewksbury. Nilikatia hapo wiki jana, na tangu hapo mmenisumbua kweli kweli. Nani kapigwa? Ni Wendell? Ni yule mtu wa kampuni ya gesi? Wengine wenu, nimewaona, mliomba awe yule mtu wa kampuni.

Poleni sana. Aliyekufa ni kulungu.

Norma alichomoka nyuma ya ukuta wa mawe, mbio, na miaka yake sitini na kitu, chupa ya kahawa mkono huu, mkate wenye nyama ya bata mzinga mkono ule. Alikuwa amejibanza hapo tangu kupambazuka kulilinda shamba lake, na sasa alijua anakwenda kukuta maiti. Alimkuta Stosh Wasilewski, dereva wa tingatinga, anacheza peke yake kwenye theluji.

"Norma! Umeona pembe hizo? Njoo uone! Marehemu babu hakuwahi kupata kulungu wa hivi! Leo jioni ukumbini watanitambua!"

Jioni ya siku hiyo, kila mwaka, huwa kuna karamu ya wawindaji kwenye ukumbi wa zimamoto wa kijiji. Mwenye pembe kubwa hukaa meza ya mbele na kusema uongo mpaka chakula kipoe.

Lakini Norma hakuangalia pembe. Aliangalia lile pauro la chuma mbele ya tingatinga. Lilikuwa bado liko juu, halijagusa hata jani. Akashusha pumzi.

Wewe uliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea hapa nikunong'oneze. Miaka mitano iliyopita Wendell, mume wa Norma, aliikodisha ardhi yao kwa kampuni ya gesi. Kampuni ikaapa itachimba kisima cha gesi kabla ya masika. Masika ipi, haikusema. Mwaka wa kwanza mtambo wa kuchimbia ulikuwa Ohio. Wa pili, mabomba yalikuwa hayajafika. Wa tatu, bei ya gesi ilikuwa imelala. Wa nne wakasema kuna popo mmoja anayelala kwenye mti wa Tewksbury, na serikali haitaki asumbuliwe. Na wa tano, huu, mtambo umerudi Ohio.

Bonde zima lilikuwa limekodisha, likasubiri hivyo hivyo. Harlan Decker alinunua beseni kubwa la kuogea nje lenye maji ya moto na mapovu, akisema gesi italipa. Leo ndama wake wananywea humo. Wendell alinunua pikapu nyekundu, na kila Jumamosi alikwenda nayo mgahawani kuwaambia watu, "Mwezi ujao, jamani. Mwezi ujao wanaanza."

Sasa mkataba wenyewe ulikuwa unakufa leo. Leo hii. Siku ikipita bila kampuni kuanza kazi, ardhi inarudi kwa wenyewe. Kazi ikianza, hata kwa kukwangua udongo tu, mkataba unaendelea kuishi mpaka kampuni ichoke, na kampuni haichoki.

Kwa Norma haya hayakuwa mambo ya wanasheria. Binti yake Corinne na mumewe walitaka kurudi nyumbani wawachukue ng'ombe wa maziwa wa wazazi na kujenga pale juu, sehemu pekee tambarare kwenye shamba lote lile la vilima. Lakini palepale ndipo kampuni ilipopigilia vigingi vyake. Corinne alikwishasema bila kuzunguka: shamba la juu lisipopatikana, wananunua nyumba Carolina, na huko hakuna kurudi.

Haya, turudi kwa Stosh na kulungu wake.

"Hongera, Stosh," Norma akasema, sauti tamu kama sharubati. "Ulimlenga ukiwa wapi hasa?"

"Hapo hapo kitini! Nilikuwa nashusha pauro, namwona huyo katoka msituni. Sikushuka hata. Nikainua bunduki, paa!"

"Juu ya mashine? Na injini inanguruma?"

"Inanguruma! Nani mwingine bonde hili anaweza?"

"Hakuna," Norma akasema, akatoa simu yake. "Darla? Norma hapa. Njoo shamba la juu. Kuna mtu kapiga kulungu akiwa kwenye gari."

Uso wa Stosh ukabadilika rangi. Mtoto wa Pennsylvania anajua sheria hiyo kabla hajajua kusoma: mwindaji hapigi akiwa juu ya kitu chenye injini. Na Darla Hess, askari wa wanyamapori, alishawahi kumwandikia faini mchungaji wake mwenyewe.

"Norma! Tumesoma darasa moja mimi na wewe!"

"Ndiyo. Na hesabu zote ulinakili kwangu."

Mlango wa pikapu nyeupe ya kampuni, iliyoegeshwa nyuma ya tingatinga, ukafunguka, akashuka Bwana Cody Pruitt, mtu wa kampuni, na viatu vyake visivyojua matope. Alitokea Oklahoma. Huko Oklahoma walikaa kwenye ofisi yenye kipupwe, wakatazama kalenda, wakaona Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani ni siku ya kazi kama siku nyingine.

Ewe Oklahoma! Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya kulungu. Shule zinafungwa. Gereji inafungwa. Ukiumwa jino siku hiyo, shika shavu lako uvumilie, daktari yuko juu ya mti na bunduki. Pruitt alimpata Stosh tu, kwa kumwahidi malipo mara mbili, na Stosh alikubali kwa sharti la kuja na bunduki yake, eti asijisikie mpweke.

"Mnapiga gumzo la nini?" Pruitt akafoka. "Stosh, rudi kitini! Shusha pauro!"

"Siwezi, bosi. Askari anakuja."

"Askari wa nini?"

"Wa kulungu."

Pruitt akacheka. Alicheka mpaka alipoiona gari ya kijani ya Darla ikipanda kilima.

Darla alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alimtazama kulungu, akamtazama Stosh, akalitazama tingatinga, akanyoosha kiganja.

"Bunduki. Na ufunguo wa mashine."

"Ufunguo wa nini tena, mama?" Pruitt akaruka. "Mashine ni ya kampuni!"

"Risasi imetoka kwenye kiti hicho. Kiti hicho hakisogei mpaka nikipige picha na kupima. Na kabla ya hapo nina majuha wengine wanaonisubiri kule mtoni."

"Unarudi lini?"

"Nikirudi."

Akautia ufunguo mfukoni, akampandisha Stosh mbele na kulungu nyuma, akaondoka. Norma akakaa juu ya ukuta wa mawe, akang'ata mkate wake.

Mkate ulikuwa mtamu. Bata mzinga yule wa Sikukuu ya Shukrani Wendell alimshinda kwenye bahati nasibu ya zimamoto, akamleta nyumbani kifua mbele. Mwaka huu bahati ilikuwa imefungua mikono kweli kweli: kanisani jana, karibu kila mwanamke alisema mumewe naye alishinda. Norma alimwoka kwa mikono yake, na Corinne aliondoka na mapaja mawili.

Pruitt alizunguka shambani na simu sikioni. Akampigia dereva mwingine. Mkewe akapokea.

"Anaumwa mgongo, hawezi kuinuka," mke akasema, na nyuma yake sauti ya mwanamume ikauliza soksi nene zimewekwa wapi.

Akampigia wa pili. Kuhara. Wa tatu, mafua. Wa nne hakuwa hata na adabu ya kuugua. "Bwana wee, nimeona kulungu, acha kunipigia," akanong'ona, akakata.

"Watu wa huku mna nini?" Pruitt akamuuliza Norma, karibu kulia.

"Tunaumwa," Norma akasema. "Unataka kahawa?"

Alimmiminia. Norma si mtu mbaya. Na Pruitt alipokunywa, Norma alimwonea huruma kidogo, kisha akavikumbuka vile vigingi, huruma ikamtoka.

Mchana ukapita hivyo. Pruitt alipiga picha kila kitu akazituma ofisini: vigingi, damu ya kulungu, tingatinga lenyewe limekaa kimya. Jua lilipoanza kuinama ndipo gari ya kijani ikarudi. Darla akapima kiti, akapiga picha zake, akamrudishia Pruitt ufunguo.

"Nimemaliza. Ni lako."

"Darla!" Norma akalalamika.

"Sheria ni sheria, Norma. Hata ikiwa na viatu visafi."

Pruitt akaushika ufunguo kwa mikono miwili. Mashine anayo. Ardhi anayo. Dereva hana. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akafanya jambo ambalo mtu wa ofisini hafai kulifanya. Akapanda mwenyewe.

"Shuka, baba, utaumia!" Norma akapiga kelele.

"Kuna vifimbo vitatu tu hapa! Kuna ugumu gani?"

Akawasha. Akavuta kifimbo. Tingatinga likatikisika, likaguna, likaanza kwenda kinyumenyume, polepole, bila haraka yoyote, moja kwa moja mpaka kwenye pikapu nyeupe. Likaipanda. Vioo vikapasuka kimoja kimoja. Pruitt akaruka chini, akaanguka na pua kwenye matope, na tingatinga likazimika lenyewe juu ya boneti.

Norma alicheka mpaka machozi. Alikuwa bado anayafuta alipomwona mumewe anatoka msituni.

Wendell Tewksbury, jaketi la rangi ya chungwa, bunduki begani, kulungu hana. Huu ulikuwa mwaka wa nane hana.

"Kumetokea nini huku?" akauliza.

Pruitt alimrukia kama mtu aliyemwona malaika. "Bwana Tewksbury! Wewe ni mtu wa matrekta! Panda! Kwangua kidogo tu, hata upana wa meza, kabla siku haijaisha! Kisima chako, bwana! Gesi yako!"

Wendell akaweka bunduki chini. Macho yake yaling'aa jinsi Norma alivyoyajua tangu ujana wao.

"Wendell," Norma akasema. "Usithubutu."

Akathubutu. Alipanda, akawasha, akalitoa tingatinga juu ya pikapu kwa ufundi mtupu, akaligeuza, akaja nalo mpaka kwenye vigingi. Akainua mkono kwenye kifimbo cha kushusha pauro.

Norma akaingia mbele ya pauro, akakaa chini. Theluji ikamlowesha sketi yake ya sufi.

"Toka hapo, Norma!"

"Sitoki!"

"Unajua watu wananiitaje kule mgahawani? Unajua? Wananiita Mwezi Ujao! Nikiingia tu wanauliza, Mwezi Ujao, kahawa? Miaka mitano nachekwa, Norma! Acha nichimbe nionekane na mimi mtu!"

Norma hakuwa amejua hilo la jina. Lilimchoma.

"Muulize kitu kimoja tu," akasema taratibu. "Muulize mtambo unakuja lini."

Wendell akamgeukia Pruitt. "Nikikwangua leo, mtambo unakuja lini?"

Pruitt akafuta matope puani. "Hilo linafanyiwa tathmini."

"Masika?"

"Masika ni neno zito, bwana."

"Mwaka ujao?"

"Kwa sasa mtambo uko Ohio."

Kutoka bondeni chini ilipanda sauti ya ng'ombe, mmoja, kisha wote. Saa ya kukamuliwa ilikuwa imefika na hakuna mtu zizini. Wendell alisikiliza. Tangu alipomwoa Norma hajawahi kuwachelewesha.

Akazima injini. Akashuka, magoti yanalia, akamwinua mkewe kwenye theluji.

"Ni ng'ombe wa Corinne hao," akasema. "Twende tukawakamue."

Norma alimkumbatia mwanamume yule mjinga na jaketi lake la chungwa, akalia begani kwake bila aibu, askari wa wanyamapori anaona. Shamba la juu limepona! Corinne anarudi!

Laiti ningekuwa na moyo wa kuishia hapo, wasomaji wangu.

Simu ya Pruitt ikalia. Akaipokea kinyonge. Akasikiliza. Mgongo wake ukanyooka. Akasema, "Ndiyo, ni yeye." Akasema, "Bata mzinga." Akasema, "Kweli? Hata bata anahesabika?" Akaishusha simu, na yale matope usoni mwake yakapasuka kwa tabasamu.

"Bi Tewksbury," akasema, "kaa chini tena."

"Sema nikiwa nimesimama."

"Huyo alikuwa wakili wetu. Amepitia picha zangu zote, hata za wiki jana. Anasema kusawazisha njia ya kufikia kisima ni kuanza kazi, almradi aliyeifanya alitumwa na kampuni na akalipwa chochote. Mimi nilidhani njia si kitu. Kumbe inatosha."

Akageuza simu. Kwenye picha, Jumanne ya wiki jana, trekta ya Tewksbury inakwangua njia ya kupandia shamba la juu. Juu ya trekta, Wendell, kofia ya kampuni kichwani, meno yote nje. Mapajani amempakata bata mzinga aliyegandishwa, anamwonyesha mpiga picha.

Norma aliitazama picha ile muda mrefu. Kisha akamtazama mumewe.

"Jumanne uliniambia unabeba kuni."

Wendell akatazama viatu vyake.

"Na bata uliniambia umemshinda kwenye bahati nasibu."

"Aliniomba msaada tu, Norma. Njia ilikuwa na mashimo. Ningejuaje? Nilidhani ni zawadi."

Norma akatia mkono mfukoni, akakitoa kipande cha mkate kilichobaki. Nyama nyeupe ya kifua, aliyoioka mwenyewe, akaipaka siagi, akawapakulia watoto wake mezani na kushukuru. Walikuwa wamelila shamba la Corinne kwa mchuzi. Na Corinne mwenyewe alibeba mapaja.

Akamkabidhi Pruitt kile kipande cha mkate, kiganjani, akamfunga vidole juu yake.

"Hicho ndicho kilichobaki. Tunarudisha."

"Haiwezekani, mama."

"Norma," Wendell akasema, sauti ndogo sana. "Kuna jingine."

"Sema."

"Hakunipa mimi tu."

Norma akageuka polepole. Akaiona jana kanisani: mke wa Decker anasema mume wangu naye kashinda, mke wa Stosh anasema hata sisi, wanawake wa bonde zima wamesimama mlangoni wanashangaa bahati ya waume zao.

"Darla," akaita bila kumtazama. "Wewe ni mwanachama wa zimamoto. Mwaka huu tulifanya bahati nasibu ya bata mzinga?"

"Mwaka huu?" Darla akasema. "Hatukufanya. Friji ya ukumbi iliharibika tangu Septemba."

Pruitt aliacha kutabasamu.

Norma akaichukua simu mkononi mwa Pruitt kabla yeye hajakumbuka kuishika. Akaanza kuzipitisha picha kwa kidole. Decker kwenye trekta, na bata. Stosh kwenye trekta, na bata. Mzee wa kanisa, kofia ya kampuni kichwani, na bata. Walijipanga humo wote, meno nje, waume wa bonde zima.

"Hiyo ni mali ya kampuni!" Pruitt akasema.

"Utaifuata ukumbini," Norma akasema, akanyoosha mkono kwa mumewe. "Funguo za pikapu."

"Norma, mke wangu, karamu yenyewe imeshaanza. Watu wote wako pale."

"Najua. Na wake zao."

Wendell akampa funguo. Angefanya nini?

"Wewe nenda kakamue ng'ombe," Norma akamwambia, akapanda pikapu nyekundu iliyoegeshwa ukingoni mwa msitu, akaliacha shamba la juu kwa kasi ambayo kilima kile hakijawahi kuiona. Darla akatikisa kichwa, akapanda gari yake ya kijani, akamfuata.

Pruitt alibaki amesimama na kipande cha mkate mkononi, bila simu, bila gari.

"Mkeo anakwenda kufanya nini?" akauliza.

Wendell aliokota bunduki yake ambayo haikufyatuka siku nzima. Chini kule taa za pikapu zilikuwa zimeshaingia barabara ya ukumbini.

"Kuwinda," akasema.